Kunyonyesha Mtoto Akiwa Kwenye Mbeleko: Tunajibu Maswali Yenu

SWALI: Mwanangu ana wiki saba na ninatumia mbeleko ya pete, kitambaa kinachokazwa kwa pete mbili begani. Nikimlaza ubavu humo ndani ili anyonye, baada ya muda anakoroma na kidevu kinagusa kifua. Nikimweka wima, mdomo haufiki kwenye chuchu. Nataka ninyonyeshe huku natembea. Nakosea wapi?

JIBU: Tuanze na huko kukoroma, maana ndiko kunakotutia wasiwasi. Mtoto wa chini ya miezi minne hana nguvu ya shingo ya kuinua kichwa kilichomwangukia kifuani. Kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa, ambayo bado ni laini na nyembamba, hubanwa. Na hapigi kelele wala hapapatiki. Anaweza kukosa hewa kimya kimya, nawe ukadhani kasinzia. Wakati wote ibaki nafasi ya angalau kidole kimoja kati ya kidevu na kifua.

Kwa hiyo achana na kumlaza. Mkao wa wima ndio wenyewe, ila umembeba juu mno. Mbeleko iliyokazwa vizuri humweka mtoto mahali ambapo ukiinamisha kichwa tu unambusu utosini, na hapo ni juu ya chuchu. Ili anyonye inabidi ashuke kidogo.

Tia mkono mmoja chini ya makalio yake, umwinue kiasi cha kuondoa uzito kwenye pete. Kwa mkono wa pili inua ukingo wa pete ya juu, kitambaa kiteleze kidogo kidogo, huku ukimshusha taratibu mpaka mdomo uwe usawa wa chuchu. Sasa kaza upya. Wengi hapa huvuta mkia wote, yaani kitambaa kinachoning'inia kutoka kwenye pete, kwa mpigo; matokeo yake katikati hukaza na pindo la juu hubaki limelegea, mgongo wa mtoto ukajikunja. Vuta pindo la juu peke yake, halafu katikati, halafu la chini. Kitambaa kienee kuanzia nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti jingine, magoti yawe juu kuliko makalio. Mkao huo huzipa nyonga zake nafasi ya kukua vizuri.

Titi likiwa kubwa na kuning'inia, kunja taulo dogo ulitie chini yake, chuchu iangalie juu kidogo. Subiri mtoto apanue mdomo, kisha mvute kwako, kidevu kitangulie kugusa titi. Mkono ukae mabegani na chini ya shingo. Usikisukume kisogo, maana pua itazama kwenye titi.

Muda wote anaponyonya, mkono mmoja ni wake na uso wake uuone. Wanaosema mbeleko huacha mikono yote miwili huru wanasema kweli, ila si wakati wa kunyonyesha. Jizoeze kwanza ukiwa umekaa, halafu umesimama, kutembea kuje mwisho. Na ukitaka kujifunika, kitambaa kisipite usoni kwake.

Akimaliza, au akisinzia na chuchu mdomoni, penyeza kidole kidogo pembeni mwa mdomo aachie, umpandishe hadi kimo cha busu, ukaze tena. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, maana mtoto ametulia na mama hataki kumwamsha. Ukisikia anakoroma au anahema kwa shida, au ukiona midomo imebadilika rangi, mtoe papo hapo.

SWALI: Nilijifungua kwa upasuaji mwezi mmoja uliopita. Naweza kufanya mazoezi nikiwa nimembeba? Na ni kweli mazoezi huchachusha maziwa?

JIBU: Hayachachushi. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayaharibu ubora wake. Mtoto akikataa titi baada ya mazoezi, mara nyingi ni chumvi ya jasho: futa kwa maji, umpe tena. Nyonyesha kabla ya kutoka, matiti yakiwa mepesi utatembea kwa raha.

Kutembea kunakufaa. Anza na dakika 10 mahali tambarare, ongeza kadiri mwili unavyokubali. Damu ikirudi kuwa nyekundu, kidonda kikivuta au ukihisi uzito ukeni, umezidisha, punguza. Chagua mbeleko isiyo na mkanda unaokaa juu ya kidonda. Hadi wiki sita zipite, usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto, na ukiwa umembeba, hata ndoo ndogo ni mzigo wa pili.

Kukimbia na kuruka, kamwe usifanye naye kifuani. Kichwa chake hutikisika. Wewe peke yako, subiri angalau wiki 12. Kwa sasa kaza misuli ya nyonga kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia. Mara 10, kwa siku mara tatu.

SWALI: Kila nikitembea sana na mbeleko napata kinundu chenye maumivu kwenye titi la kulia. Nikikande kwa nguvu?

JIBU: Hapana, kukanda kwa nguvu huongeza uvimbe. Angalia pindo la mbeleko au sidiria inapita wapi. Huenda ni pale pale palipo na kinundu. Tandaza kitambaa begani, kila siku badilisha bega, na usiruke zamu ya kunyonyesha kwa sababu uko njiani. Endelea kunyonyesha kama kawaida, weka kitambaa cha baridi. Ukipata homa ya 38 au zaidi, ngozi ikiwa nyekundu, au siku nzima ikapita bila nafuu, nenda kituo cha afya.

SWALI: Kupika je, nikiwa nimembeba mbele?

JIBU: La. Mafuta huruka, mvuke huunguza, nawe huoni vizuri kilicho chini ya mtoto. Hata kikombe cha chai ya moto kiweke mbali. Kukunja nguo au kufagia kwa fagio refu hakuna shida. Ukitaka kuokota kitu, piga magoti, mkono mmoja umshike.