Dishi Lisipande Juu ya Gari

Msimu wa korosho ukifika, mimi na mke wangu tunahamia kwenye Coaster. Viti vya nyuma tuling'oa, tukaweka kitanda, jiko la gesi na runinga ndogo, kisha tunafuata maghala ya korosho huku kusini mwa Tanzania: Tandahimba, Newala, Masasi, hata Nachingwea, tukiwauzia chakula wapakiaji. Wenzetu wanaoishi hivi huniuliza dishi linafungwaje juu ya gari. Mimi nasema lisipande huko kabisa.

Gari linacheza. Mtu akikanyaga ngazi tu linalalia upande, na dishi la sentimita 80 likipotoka hata nyuzi 2, picha hakuna. Tena kwa jua letu hili lazima utaegesha chini ya mkorosho, na majani yale mazito hayapitishi mawimbi. Basi gari likae kivulini, dishi likae juani, waya upite katikati.

Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya miguu mitatu. Bomba la katikati lisimame wima, ulipime kwa pimamaji kila unapohama, maana likiinama vipimo vyote vinakudanganya. Miguuni laza viroba vya mchanga. Upepo wa Newala hauna adabu.

Azam iko kwenye setilaiti ya Eutelsat ya nyuzi 7 mashariki, yaani imesimama juu ya longitudo hiyo. Wengi wakisikia mashariki wanaelekeza dishi baharini! Sisi wenyewe tuko karibu nyuzi 40 mashariki, kwa hiyo setilaiti hiyo tunaitafuta magharibi, ikivutwa kidogo kaskazini: kwenye dira ya simu ni kama nyuzi 285, na kimo chake angani kama nyuzi 50. Kutoka Mtwara mjini hadi Nachingwea tofauti haifiki nyuzi 2, kwa hiyo vipimo vya jana ni pazuri pa kuanzia leo. Setilaiti ya DStv, ya nyuzi 36 mashariki, iko karibu na utosi.

Uso wa dishi usikubabaishe. Haya madishi ya kawaida, yenye mkono unaotokea chini, hupokea mawimbi kutoka juu zaidi ya yanakoonekana kutazama, kwa nyuzi 20 na ushei. LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kwenye ncha ya mkono, ikishakaa sawa ichore alama kwa kalamu ya wino mzito, ili ikizunguka njiani ujue pa kuirudisha.

Kutafuta ni kazi ya watu wawili. Mke wangu hukaa na king'amuzi, mimi nasukuma dishi kidogo kidogo, nasimama, nasubiri. "Arobaini... arobaini... sitini, hapo hapo baba!" Kwenye skrini anasoma ubora wa mawimbi, si nguvu yake, maana nguvu inaweza kujaa hata umeelekea setilaiti nyingine.

Umeme ndio unaounguza vitu vya watu. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, na ving'amuzi vingi ni vya volti 12. Soma nyuma ya chako, weka kipunguza volti na fyuzi. Runinga nayo nunua ya volti 12, uachane na inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inayokula betri bure. Betri ya burudani iwe ya peke yake, la sivyo asubuhi mtasukuma gari.

Mvua za Desemba zikishuka, picha itaganda. Usiguse dishi, wingu likipita inarudi yenyewe. Kama ni mechi ya Simba na Yanga na wateja wamekuja juu, wawashie redio.