Makro za Excel: maswali yenu ya wiki hii

Niko kliaring, kazi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Shimanzi, Mombasa. Kila asubuhi naletewa listi ya kontena, nafuta kolamu zile zile, napiga boda, natia rangi. Nimerekodi makro, yaani Excel ikariri hatua zangu izirudie yenyewe, jana ikaenda poa, leo imeishia ro ya 40 na listi ina 65. Mbona?

Uliburuta mausi, sivyo? Makro haifikirii kakangu, yakariri tu, ulichagua A2 mpaka A40 basi itarudi A2 mpaka A40 hadi kiyama. Rekodi upya, ingia View, Macros, Record Macro, na ukifika pa kuchagua mistari wacha mausi kabisa, simama seli ya juu ushike Ctrl na Shift ubonyeze mshale wa chini kisha wa kulia, hapo inarekodi "shuka mpaka mwisho" badala ya namba, ziwe 20 ama 200 zote zinaingia. Ila ikikuta seli tupu njiani yasimama papo hapo, kwa hivyo anzia kolamu ya namba za kontena, zile herufi 4 na tarakimu 7, hiyo haikosi kitu. Na jaribu kwa kopi kwanza, makro ikishapita Ctrl+Z haikusaidii!

Nilisevu vizuri, kesho yake makro haipo.

Ulisevu faili ya aina ya xlsx, hiyo haibebi makro. Sevu xlsm. Na kama kila siku waletewa faili mpya, wakati wa kurekodi chagua Personal Macro Workbook, itakufuata kila faili ukifungua kwa kompyuta hiyo.

Nina saiba Mwembe Tayari. Kastoma kaleta faili ya imeli, Excel yatoa utepe mwekundu ati makro zimezuiwa. Niziruhusu?

Usiziruhusu dada, kwanza yeye mwenyewe amjua aliyeituma? Tangu 2022 Microsoft wanazuia makro za faili zilizotoka intaneti, na wana sababu, mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilikaa ndani ya makro ya Word, ukifungua tu kinajituma kwa watu 50 wa kwanza kwenye adresi zako. Mwambie apige simu aliyemtumia athibitishe. Akikataa kupiga mprintie vile vile ilivyo, kuprinti hakuhitaji makro.

Kwa simu je?

Excel ya simu hairun makro. Tafuta laptopu.

Kazi ya masaa 2 sasa naimaliza dakika 5. Nimwambie bosi?

Heh. Mwambie, lakini baada ya kumwonyesha makosa yamepungua, si kabla, ukianza na habari ya dakika 5 utaongezewa listi ya mwenzako na mshahara ule ule.