Gari langu lilifelishwa na balbu ndogo kuliko kidole

Mara ya kwanza kupeleka gari ukaguzi sikuwa na wasiwasi wowote. Oili mpya, breki zinashika, injini inanguruma vizuri. Mkaguzi alizunguka nyuma, akainama, akaandika. Limefeli. Taa inayomulika kibao cha namba haiwaki.

Tangu hapo nalikagua mwenyewe kwanza, siku kumi kabla, ili hata kipuri kikikosekana nisihangaike.

Taa nazipima usiku, peke yangu: narudisha gari karibu na ukuta, nakanyaga breki, natazama mwanga mwekundu ukutani kwenye kioo. Indiketa ikipepesa mbiombio kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Honi, waipa na maji yake, dakika mbili. Mikanda ya usalama ivute mpaka mwisho uone kama haijachanika, na ile ya nyuma ichimbue ilikozama chini ya kiti.

Tairi ndizo zinazodanganya. Nchi nyingi zinataka mifereji isipungue kina cha milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vinundu vya kukuonyesha: tairi likilika hadi kulingana navyo, limekwisha. Lakini usitazame upande wa nje tu. Kata usukani mpaka mwisho, uchungulie ukingo wa ndani. Langu moja lilipendeza kwa nje, kumbe kwa ndani nyuzi zilikuwa zinachungulia.

Breki nazo, kuhisi kwako hakutoshi. Mashine ya kupimia inasoma kila gurudumu peke yake, na kushoto kukishika kuliko kulia kupita kiwango, umefeli. Gari lililoegeshwa wiki kadhaa diski zake hushika kutu, kwa hiyo liendeshe kidogo kabla ya siku yenyewe, ukikanyaga breki mara kadhaa barabara ikiwa tupu.

Sasa ujanja ulionigharimu. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, fundi akaifuta kwa mashine asubuhi ileile ya ukaguzi. Nikamwona bingwa! Kule wakachomeka kompyuta yao, ikaonyesha kwamba kumbukumbu zimefutwa na gari bado halijamaliza kujipima upya. Nikarudishwa. Baada ya kufuta, gari huhitaji kuendeshwa, pengine siku kadhaa, na kama tatizo lenyewe halijatengenezwa taa itawaka tena tu. Kuchomoa betri hakukuokoi, kwa sababu nako hufuta kumbukumbu hizohizo.

Ukifeli, usibishane. Mwombe mkaguzi akuonyeshe kwa kidole, na uondoke na karatasi yake. Fundi atakayekwambia ubadilishe shokapu zote nne, mpe asome. Kama imeandikwa bushi moja ya mbele kulia, kile kipira cha kwenye maungio ya chini ya gari, nunua bushi hiyo, mengine mtazungumza mwezi ujao.