Maswali ya Wasomaji: Mbinu ya Kwanza Inapozuiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunafanya mazoezi ya jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kupambana chini kwa mishiko na kabari, hapa Chikongola, Mtwara. Msimu wa korosho ukifika wenzetu wengi huenda Newala na Tandahimba, nasi tunabaki wawili. Sote tunaijua kimura (kuupinda mkono wa mwenzako hadi bega likazwe) na tunajua kuipita gadi (miguu ya aliye chini inayomzuia aliye juu) kwa goti, lakini katika pambano mbinu ya kwanza ikizuiwa tunakwama. Tufanye mazoezi gani ili mbinu zifuatane?

JIBU: Ndugu msomaji, kukwama kwenu hakutokani na uchache wa mbinu, bali na namna mnavyozirudia. Anayerudia kimura kwa mwenza asiyejitetea huujua mshiko, lakini hajui mwili wa mwenzake unaelekea wapi unapoukataa. Mbinu mbili huungana pale ambapo kujitetea dhidi ya ile ya kwanza kunafungua nafasi ya ile ya pili, na kwa hiyo katika zoezi hili aliye chini ana kazi nzito kuliko aliye juu.

Anzeni katika nusu gadi, yaani aliye chini amebana mguu mmoja wa aliye juu kwa miguu yake, goti la aliye juu likikata kuvuka paja la mwenzake. Aliye chini ana majibu mawili ya maana. La kwanza ni kupenyeza mkono chini ya kwapa la aliye juu na kugeuka ubavu kumwelekea. Hapo aliye juu apitishe mkono wake chini ya kwapa la mkono huo, mbele ya koo, utokee upande wa pili wa shingo, kisha ashike msuli wa mkono wake mwingine na kukaza: hiyo ndiyo kabari ya D'Arce. Jibu la pili ni kulala chali na kusukuma kwa mikono. Hapo aliye juu amalize kupita, atulie ubavuni, na kiwiko kikiachana na mbavu achukue kimura.

Nasisitiza neno kutulia. Kimura ina sifa kubwa tangu Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani, alipomshinda Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, kwa mbinu hiyo mjini Rio de Janeiro mwaka 1951, na vijana wengi huurukia mkono kabla uzito wao haujakaa. Katika mashindano yanayofuata kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, kuipita gadi kuna pointi 3, lakini sharti uishike nafasi hiyo kwa sekunde 3. Anayeharakia mkono huweza kuzikosa pointi na mkono pia.

Siku za mwanzo aliye chini atangaze jibu lake, na mwende polepole. Baadaye achague kimya kimya, ili aliye juu alitambue kwa kifua na goti, si kwa kuambiwa. Hatua hii msiiharakishe hata kidogo, kwa kuwa ndiyo inayokosekana katika mazoezi yenu. Kisha aliye chini aongeze nguvu hadi nusu, halafu mpambane kwa kweli kuanzia nafasi hiyo hiyo, kwa dakika mbili au tatu. Mmoja akipita, akipinduliwa au akigonga kwa mkono kuonyesha amekubali kushindwa, rudini mwanzo na kubadilishana. Kuwa wawili tu hakuwapunguzii kitu hapa.

Kabari na kimura zikazwe taratibu bila kushtua, na anayegonga aachiwe mara moja, kwani bega likiumia mtakosa hata mwenza mmoja mliyebakiza.

Kwa gadi iliyofungwa, yaani miguu ya aliye chini imefungwa kiunoni mwa mwenzake, tumieni utaratibu huo huo: aliye chini ainuke kumpindua mwenzake kwa nyonga, mwenzake akiweka mkono chini nyuma ili asianguke, mkono huo ni wa kimura, na akijirudisha mbele kwa uzito huku kichwa kimeinama, shingo ni ya giyotini, kabari ya kumkaba akiwa mbele yako. Mbinu ya tatu ongezeni pale tu mwenza anapopata njia ya kujinasua na kuirudia kila mara, na iwe ile inayoijibu njia hiyo.