Keki ya dukani imekuchafua tumbo? Hesabu saa kwanza

Tumbo likichafuka, lawama huangukia kitu cha mwisho kuliwa. Mara nyingi si chenyewe. Kabla ya kurudi dukani kugombana, andika saa uliyokula na saa dalili zilipoanza.

Kutapika kukianza ghafla kati ya nusu saa na saa 8 baada ya kula, tumbo linasokota na homa hakuna, mshukiwa mkuu ni sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Huishi puani na kwenye ngozi za watu wenye afya njema kabisa, na hujaa kwenye vidonda na majipu. Mwenye kidonda mkononi akipaka krimu au kastadi, kisha keki ikakaa nje ya friji, bakteria huzaliana na kuacha sumu. Moto wa kupashia chakula hauiondoi sumu hiyo, wala haibadilishi ladha au harufu. Kwa hiyo "mbona ilikuwa tamu tu" si ushahidi wa lolote. Adha yake ni kali lakini kwa kawaida haizidi siku 1.

Pai ya nyama iliyopoa polepole huleta kisa kingine: kuhara na msokoto saa 6 hadi 24 baadaye, kutapika kidogo au hakuna. Salmonella, inayoweza kutoka kwenye krimu ya mayai mabichi, huchukua saa 6 hadi siku 6 na huja na homa. Norovirusi, kutoka kwa mfanyakazi mgonjwa asiyenawa, huchukua saa 12 hadi 48. Ndiyo maana mlo wa jana au juzi nao uhojiwe. Uliza pia: nani mwingine aliumwa, na alikula nini ambacho wasioumwa hawakukigusa?

Mkate mkavu wenyewe ni nadra kuwa na hatia, kwa kuwa tanuri huua bakteria wengi na ukavu huwanyima maji. Ukiota ukungu, tupa wote. Nyuzi zake hupenya ndani kuliko jicho linavyoona. Ukinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi na ndani ukavutika kama utando wa buibui, hapo mbegu za bakteria zimestahimili tanuri. Huo nao usiliwe.

Kinachodhuru zaidi ni kuishiwa maji. Tumia ORS ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi, hasa kwa mtoto. Baada ya kutapika subiri dakika 10, kisha anza kwa vijiko vichache. Ukigugumia glasi nzima itarudi yote. Dawa ya kufunga kuhara usiiguse kukiwa na damu au homa. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa inayozidi nyuzi 38.9, kuhara kupita siku 3, kutapika kila unachokunywa, au mkojo kuwa haba na wa rangi iliyokolea. Mjamzito, mzee na mtoto mchanga wasingoje hayo. Daktari akitaka choo kipimwe, kitolewe kabla ya kuanza antibiotiki.

Mabaki usiyatupe. Yafunge kwenye mfuko safi, andika "usile" na tarehe, weka friji mbali na vyakula vingine. Hifadhi risiti na kifungashio, maana namba ya toleo ndiyo humwezesha mkaguzi kufuatilia keki nyingine za siku hiyo. Ripoti kwa maafisa wa afya wanaosimamia chakula, kisha dukani. Watakuuliza keki ilikaa muda gani nje ya baridi mikononi mwako. Zaidi ya saa 2, au saa 1 ndani ya gari lililopigwa na jua, duka halitabeba lawama peke yake, kwa hiyo jibu kweli.