Muulize Mama Fundi: Skripti ya laptop imehamia simuni

*Asalaam aleikum Mama Fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho wa wachumba) hapa Busia, Uganda. Kwa miaka minne nilikuwa na laptop yenye Ubuntu, yaani Linux, na skripti fupi (faili la amri) niliyoandikiwa na rafiki. Kila usiku rsync, programu ya kunakili mafaili, ilichukua picha zangu na kuzipeleka kwenye diski ya nje. Sikuwahi kuielewa, ilifanya kazi tu. Mwezi uliopita umeme ulirudi kwa kishindo na laptop ikafa. Nimebaki na simu ya Android 12, ile diski, na kompyuta ya mezani ya kaka yangu studio, nayo ina Ubuntu; diski imechomekwa humo, na simu inaitumia picha kwa hotspoti. Sasa kamera naichomeka kwenye simu kwa waya wa OTG, picha zinaingia simuni. Nimeweka Termux, programu ya kuandikia amri za Linux simuni, nikaibeba skripti ileile. Kwanza ilikataa folda. Nilipozirekebisha ikamwaga mistari ya "Operation not permitted". Nikafuta -a nikaweka -r, kelele zikaisha. Lakini sasa kila usiku inaanza upya mafaili yote 6,000, na kabla haijamaliza simu inaikata. Kaka naye analalamika bando linaisha. Skripti nimeiambatisha. — Mpiga picha, Busia*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole kwa laptop. Skripti yako nimeichapa kwenye karatasi, mistari kumi na mmoja, nikakaa nayo mezani huku magari ya Gulu yakinipigia honi dirishani. Mengi uliyouliza ni mepesi. Kizito ni kile ambacho hukuuliza, nacho kiko mstari wa tisa: `--delete`.

Neno hilo linaiambia rsync: kisichokuwepo kule nitokako, kifute kule niendako. Kwenye laptop halikuwa na ubaya, maana picha zilikaa humo miaka na miaka na diski ilikuwa kivuli chake. Simu haikai na picha. Simu ni stendi, watu wanashuka na kupanda. Jumamosi umepiga kwanjula Tororo, Jumapili unafuta harusi ya wiki iliyopita ili upate nafasi, na usiku skripti yako inafika kwenye diski na kuifuta harusi hiyo hiyo. Haitakuuliza. Itaandika "deleting", "deleting", mstari kwa mstari, na wewe umelala.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nililala. Nilipohamisha bekapu yangu kutoka kompyuta kwenda simu, nilibeba mstari kama huo. Kulikuwa na folda ya Idi, na ndani yake mama mkwe wangu amekaa mkekani anasuka kikapu, uzi wa zambarau mdomoni. Nikaifuta simuni kwa kujiamini, kwani si ipo kwenye diski? Asubuhi haikuwepo kwenye diski. Nililalamika kwa kila aliyenisikiliza kwamba programu imeharibika, hadi nikasoma skripti yangu mwenyewe. Ilikuwa imetii.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, toa `--delete`. Diski yako sasa ni ghala, si kivuli. Na kila ukigusa skripti hii, iendeshe kwanza ikiwa na `-n`: itakueleza ingefanya nini bila kufanya.

Sasa twende kwenye -a. Herufi hiyo moja ni mfuko wa herufi saba: r, l, p, t, g, o na D. Inabeba folda na vilivyomo, viungo (njia za mkato), ruhusa, muda wa faili, kundi, mwenye faili, na vifaa maalumu. Diski yako, nimeona kwenye skripti, ni FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili. FAT32 haina mahali pa kuandika mwenye faili wala kundi lake. rsync inajaribu kuandika, diski inakataa, na hapo ndipo unapata ile mvua ya "Operation not permitted". Picha zenyewe zilikuwa zimefika salama. Ila rsync ikimaliza hivyo inatoa namba 23, maana yake "sikukamilisha yote", na skripti yako ikiona namba isiyo sifuri inakuandikia IMESHINDWA kwa herufi kubwa. Ningekuwa wewe ningeogopa pia.

Lakini ulipotupa mfuko mzima na kubakiza r, ulitupa na t. Hapo ndipo usiku wako unapoteketea. rsync haifungui kila picha kuona kama imebadilika. Inatazama mambo mawili tu, ukubwa na muda wa mwisho wa kuandikwa, vikilingana inapita. Bila t, nakala iliyoko kwenye diski inapewa muda wa usiku ule ilipofika. Kesho yake muda haulingani hata kwa picha moja, basi inalazimika kuzisoma zote 6,000, huku na huku, kulinganisha vipande kwa vipande. Kulinganisha vipande ndiyo sifa yake kubwa, ndicho walichokibuni Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996 huko Australia, ili kinachosafiri kwenye waya kiwe tofauti peke yake. Lakini picha ya JPEG iliyokwisha kupigwa haina tofauti ya kutafuta. Unaichosha betri bure.

Mstari wako uwe hivi:

`rsync -rtv --partial --modify-window=1 ~/storage/dcim/ studio@$1:/media/studio/PICHA/`

Tazama ule mkwaju (/) baada ya `dcim`. Usiufute. Ukifungua Termux na kuandika `termux-setup-storage`, ukakubali ruhusa, inakutengenezea folda `storage`, na ndani yake `dcim` si folda bali ni kiungo kinachoelekeza kwenye folda halisi ya picha. Bila mkwaju, na kwa kuwa tumeacha l, rsync itakuambia "skipping non-regular file" na kuondoka mikono mitupu, sekunde moja, hakuna picha. Ukiuweka, inapita mlangoni na kuingia ndani.

`--modify-window=1` ni kwa sababu FAT32 huandika muda kwa kuruka sekunde mbili mbili. Picha ya sekunde ya 07 inaandikwa 06, na bila ruhusa ya kukosea sekunde moja rsync itaona ni faili jipya. Hiyo `$1` ni anwani ya kompyuta ya kaka. Kwa hotspoti hubadilika, basi usiigandishe ndani ya skripti. Iandike unapoiita.

Usiku wa kwanza tu, ongeza `--size-only`. Mida iliyoko kwenye diski yako sasa ni ya uongo yote, na neno hilo litaifanya rsync iamini ukubwa na kurekebisha mida bila kusoma picha moja moja. Usihofie zile kazi zilizokatwa katikati. rsync huandika kwanza faili la muda lenye jina la kujificha, ikimaliza ndipo inalipa jina lake; na hata `--partial` ikibakiza nusu-picha ili iendelezwe baadaye, ukubwa wake haulingani, kwa hiyo rsync itaikamilisha. Kesho yake toa `--size-only`.

Folda zilizokataliwa: `/home` na `/tmp` ulizoandika ni za Ubuntu. Kwenye Termux nyumbani ni `$HOME` na faili la muda linakwenda `$TMPDIR`. Badilisha, tumemaliza hilo. Na nimeona umejaribu kubeba hata rsync yenyewe kutoka kwenye diski ya laptop. Haitakubali. Ile ilijengwa kwa prosesa ya laptop, na hata prosesa zingefanana, Android ina kiini cha Linux lakini maktaba yake ya C ni nyingine, inaitwa Bionic. Andika `pkg install rsync openssh`, utapata iliyojengwa kwa ajili ya simu. Termux yangu mimi huichukua F-Droid, duka la programu huria, na nyongeza zake zote nazichukua hapo hapo, kwani ukichanganya ya duka hili na ya duka lile hazikubaliani saini.

Simu kuikata kazi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila chaji inazinyamazisha programu ili betri idumu. Android 12 ikaongeza ukali: programu zote zikizalisha michakato ya pembeni zaidi ya 32 kwa jumla, mingine inauawa. Ukiona "signal 9", ndiyo hiyo. Weka `termux-wake-lock` mstari wa kwanza na `termux-wake-unlock` wa mwisho, na kwenye mipangilio ya betri iruhusu Termux isibanwe. Lakini nikuambie ninavyofikiri: achana na usiku. Laptop ilikuwa inalala studio karibu na diski, ndiyo maana usiku ulifaa. Simu inalala na wewe nyumbani. Ukirudi kutoka kazini, kabla hata hujavua begi la kamera, chomeka simu kwenye kompyuta ya kaka kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, endesha skripti. Inachaji, iko macho, na waya hauyumbi kama hewa.

Hapo hapo tunafika kwenye bando la kaka. Picha zinazotoka simuni kwenda kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu hiyo hiyo, kwa waya au hotspoti, hazigusi mnara. Hazili MB hata moja. Kilichotokea ni kwamba kompyuta ya kaka ikiona hotspoti inaona intaneti, na Ubuntu yake inaanza kushusha masasisho kwa furaha. Zima data ya simu wakati wa kunakili, ukiacha hotspoti au USB ikiwaka. Mwambie kaka akuombe radhi.

Kuna jambo moja linaweza kukutokea kwa sababu diski iliandikwa na laptop na sasa inasomwa na mashine nyingine. Lilinila jioni nzima. FAT32 huandika saa ya ukutani bila kusema ni ukuta wa nchi gani. Diski yangu iliandikwa na mashine yenye saa za Kampala, nikaichomeka kwenye nyingine iliyoachwa na UTC, saa za Greenwich. rsync ikasema mafaili yote ya zamani ni tofauti. Nikatazama kwa `ls`, simuni 10:42:06, kwenye diski 10:42:06, picha ileile, saa ileile. Nikajiona mwehu. Nikaandika `stat -c %Y` pande zote mbili, inayotoa muda kwa sekunde tupu, nikatoa moja kwenye nyingine: 10800. Saa tatu kamili. Mashine ya UTC ilikuwa inasoma 10:42 ya hapa kwangu Bombo kama 10:42 ya Greenwich. (Sisi tuliozoea kutoa sita kichwani kila tukitazama simu, unadhani tungekuwa wa kwanza kushtuka.) Kwenye kompyuta ya kaka andika `timedatectl`. Kama haisemi Africa/Kampala, `sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`, kisha itoe diski salama na kuichomeka tena.

Na video: FAT32 haipokei faili la GB 4 na zaidi. Kamera nyingi hukata video zenyewe, simu nyingine hazikati. Ukipata diski ya pili, iandae kwa ext4, mpangilio wa Linux yenyewe, na nusu ya hadithi ya barua hii itakuwa haikuhusu tena.

*Mama Fundi, hao vijana wanajisumbua. Kwa nini wasipandishe picha Google basi? — Mwalimu mstaafu, Mbale*

Mwalimu, shikamoo. Nafasi ya bure ni GB 15, na tangu Juni 2021 picha zinahesabiwa humo pamoja na barua pepe. Harusi moja ya kijana wa Busia inaijaza. Kisha kuzipandisha ni bando, na bando hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai mwaka huo huo, ulipochukua nafasi ya ile shilingi 200 ya kila siku ya mitandao ya kijamii. Picha kumi za bibi harusi, sawa, apandishe. Zote, hapana.

*Nimefuata maelezo yako ya zamani ya rsync kwenye simu. Je, na meseji zangu za WhatsApp zimo? — Muuza vitenge, Arua*

Kama ulinakili `dcim` peke yake, hazimo, dada. Kila programu kwenye Android ni kama mpangaji mwenye ufunguo wake, na Termux haiwezi kuingia chumba cha mwingine bila kuvunja ulinzi wa simu, jambo ambalo sikushauri kwa simu unayopokelea pesa. Ila WhatsApp huacha nakala yake uani, kwenye `Android/media/com.whatsapp`. Ongeza folda hiyo. Meseji utaziona kama faili linaloishia na crypt14 au crypt15, limefungwa, halifunguki kwa kubonyeza. Linarudishwa na WhatsApp yenyewe ukiwa na laini ile ile. Basi laini usiitupe, na simu ya zamani usiiuze kabla hujaziona meseji kwenye mpya.