Je, Mwandishi Anaweza Kuripoti Habari za Jamii Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, je, mwandishi anayetoka katika jamii inayohusika na habari anaweza kuiandika bila upendeleo, au ni afadhali kazi hiyo apewe mtu wa nje?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna mwandishi asiye na asili, dini, jinsia wala tabaka; ila asili ya walio wengi imezoeleka kiasi kwamba huhesabiwa kuwa ndiyo hali ya kutokuwa na upande, na dhana hiyo, kwa maoni yangu, ni dhuluma.

Mwaka 1920 waandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann na Charles Merz, walichunguza jinsi gazeti la New York Times lilivyoripoti mapinduzi ya Urusi, wakakuta kuwa lilikuwa limeeleza mara 91 kwamba utawala wa Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika madaraka huko, umeanguka au u karibu kuanguka, ilhali haukuanguka. Wengi wa walioandika habari hizo walikuwa watu wa nje, lakini matumaini na hofu zao ziliwapotosha. Ndiyo maana Lippmann alitetea utaratibu wa kazi, yaani kutafuta ushahidi, kuupima na kuonyesha ulikotoka, badala ya kutegemea usafi wa moyo wa mwandishi.

Kwa hiyo mwandishi apimwe kwa habari yake: je, amewasikiliza anaotofautiana nao, na ameuchapisha hata ushahidi unaowaumiza watu wake? Mwenye fedha au ndugu wa karibu ndani ya jambo lenyewe ni suala tofauti. Huyo ajitoe, awe wa jamii yoyote.